HARUSI YA TATU YA EL HADJI: KEJELI, KIONGOZI NA PUMZI YA WATU

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayojadiliwa katika madarasa ya itikadi huku Bondeni, tangu Matema na Ipinda hadi Kasumulu mpakani, limo hili: kada afanye nini anapokuta kiongozi anachekwa hadharani? Kikundi cha vijana kinaigiza mchezo sokoni. Anatokea mheshimiwa mwenye suti, kitambi na wanawake wasiohesabika. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Papo hapo makada hugawanyika. Wako wasemao kuwa huo ni uhuni, kwamba vijana wanawavunjia viongozi heshima, na kwamba mchezo upigwe marufuku. Wako pia wanaonong'onezana kuwa "ni fulani yule", wakaanza kutaja majina ya vimada na nyumba walizopangishiwa.

Makala hii inashikilia kwamba pande zote mbili zimekosea, tena kwa sababu moja. Wote wametazama kitanda cha kiongozi, wasitazame ghala lake. Kejeli juu ya kiongozi mpenda wanawake, ikiwa ni kejeli ya kweli, haisemi juu ya kitanda. Inasema juu ya uhusiano wa kiongozi huyo na mali ya umma na jasho la watu. Kada asiyejua kusoma fumbo la namna hiyo atazima sauti ambayo Chama kilihitaji kuisikia, au ataigeuza umbea.

Ili kulieleza jambo hili tutaichambua filamu moja, Xala, iliyotengenezwa na Ousmane Sembène wa Senegal na kutolewa mwaka 1975. Filamu hii ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Siku hizi, hata hivyo, kijana wa Kyela anaweza kuitazama kwenye televisheni au kwenye simu yake, jambo ambalo mwaka 1975 lisingewezekana, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano kamili wa fumbo la kisiasa. Pili, kiini chake ni mchele na laana ya watu, mambo mawili ambayo mtu wa Bondeni hahitaji mkalimani kuyaelewa.

Mtunzi na shabaha yake

Sembène alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, kusini mwa Senegal, katika jamii ya wavuvi. Alifanya kazi ya kupakua mizigo katika bandari ya Marseille nchini Ufaransa, na huko ndiko alikoingia katika harakati za vyama vya wafanyakazi. Alianza kwa kuandika riwaya. Lakini aliona kwamba wakulima na wafanyakazi aliowaandikia hawasomi Kifaransa, na wengi wao hawakupata nafasi ya kusoma lugha yoyote. Mwaka 1962 alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu, ili awafikie watu wake kwa macho na masikio. Xala yenyewe ilitoka kwanza kama riwaya mwaka 1973, ndipo ikawa filamu ambamo Kiwolof na Kifaransa vinashindana katika vinywa vya wahusika. Sembène alifariki mwaka 2007.

Hadithi kwa ufupi

Filamu inaanza na siku ya ushindi. Wafanyabiashara Waafrika wanaingia katika Chama cha Wafanyabiashara, wanawatoa nje wazungu waliokuwa wakikiongoza, na sanamu za Kifaransa zinabebwa hadi kwenye ngazi. Umma unapiga ngoma na kushangilia. Muda si muda, wale wale wazungu wanarudi na mikoba mikononi. Kila kiongozi mpya anapewa mkoba wake, anaufungua, na ndani mna fedha. Hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Mwenyekiti anahutubia juu ya ujamaa wa Kiafrika, na mzungu anasimama nyuma yake kama mshauri.

Mmoja wa viongozi hao ni El Hadji Abdoukader Beye. Siku hiyo hiyo anawaalika wenzake kwenye harusi yake. Anaoa mke wa tatu, N'Goné, binti mdogo anayelingana na watoto wake. Mke wa kwanza, Adja Awa Astou, ni mtu wa dini na subira. Wa pili, Oumi N'Doye, anapenda mitindo ya Ulaya. Zawadi ya bibi harusi ni gari jipya lililofungwa utepe. Usiku wa harusi El Hadji anashindwa kazi ya bwana harusi. Amepigwa xala, neno la Kiwolof lenye maana ya laana inayomwondolea mwanamume nguvu zake.

Kuanzia hapo tunamfuata akihangaika. Anazunguka kwa waganga, biashara inalala, na gari lake la Mercedes, ambalo dereva huliosha kwa maji ya chupa kutoka Ufaransa, linampeleka vijijini kutafuta dawa. Mganga mmoja anamponya. El Hadji anamlipa kwa hundi, hundi inarudi haina fedha, na mganga naye anamrudishia laana yake. Wakati huo huo inafichuka kwamba aliuza mchele wa shirika la serikali la chakula, uliokusudiwa wananchi wenye njaa, akapata fedha za kuolea. Benki inamkatalia mkopo na wenzake wanamfukuza. Anapofukuzwa anasema ukweli kwa mara ya kwanza: kwamba wao wote ni madalali tu, wanaookota makombo chini ya meza ya ubepari wa kigeni. Anapotaka kusema kwa Kiwolof, anakemewa aseme Kifaransa. Mkoba wake unafunguliwa, nao ni mtupu. Kiti chake kinachukuliwa na Thieli, mwizi wa mfukoni aliyemwibia mkulima fedha zilizochangwa na kijiji kizima ili kununua chakula.

Mwisho wa filamu, ombaomba wanaingia nyumbani kwa mke wa kwanza. Ni wale wale ambao El Hadji aliwaitia polisi ili wazolewe mjini kama takataka na kutupwa mbali, nao wakarudi kwa miguu. Kipofu anayewaongoza anamweleza kwamba yeye ndiye aliyempiga xala. Zamani El Hadji alighushi majina ya ukoo akauza ardhi yao, na kwa wizi huo yeye akawa tajiri na ndugu yake akawa ombaomba. Dawa ipo: avue nguo, asimame mbele yao, na kila mmoja amtemee mate. Filamu inakoma akiwa bado anatemewa, wala hatuonyeshwi kama alipona.

Kulisoma fumbo

Hapa ndipo kazi ya kada inapoanza. Mtazamaji mvivu atasema kuwa hii ni hadithi ya mzee aliyeoa binti mdogo akaaibika. Atacheka na kwenda kulala. Lakini tujiulize: kwa nini harusi na uhuru wa Chama cha Wafanyabiashara vimewekwa katika siku moja? Jibu ni kwamba mtunzi anataka tuvitazame kama kitu kimoja. Bwana harusi aliyejipamba, mwenye gari na wageni wengi, lakini asiyeweza kuzaa chochote, ni mfano wa ubepari uchwara uliokabidhiwa nchi baada ya bendera ya mkoloni kushushwa. Una vyeo, hauna mtaji. Una ofisi, hauna kiwanda. Unanunua na kuuza kwa niaba ya wengine, wala hauzalishi. Tabaka la namna hiyo ni hanithi kiuchumi, na uhanithi wa El Hadji ni jina tu la ugonjwa huo.

Tukilisoma hivyo, kila kitu kinapata mahali pake:

(a) Mkoba. Huu ndio mahari halisi katika filamu. Aliyeolewa ni El Hadji mwenyewe, na aliyemwoa ni ubeberu.

(b) Wake watatu. Wa kwanza ni mila na imani aliyoianzia maisha. Wa pili ni tamaa ya kufanana na Mzungu. Wa tatu ni bidhaa mpya dukani, inayonunuliwa ili wenzake waone. Filamu hailaumu ndoa ya wake wengi kwa kuwa ni ndoa ya wake wengi. Inamlaumu mtu anayeongeza mke kama anavyoongeza gari, kwa fedha isiyo yake.

(c) Mchele. Kama ungeondolewa katika hadithi, El Hadji angebaki mzee mpenda wasichana tu, na jambo lake lingekuwa la familia yake. Mchele ndio unaolifanya kuwa jambo la siasa. Karamu ya harusi ililiwa na wachache, na njaa yake ikaliwa na wengi.

Huku Bondeni mpunga ni maisha yenyewe. Mkulima anaijua lumbesa, ule ujazo wa kupita kipimo ambao sheria ya vipimo inaukataza na wanunuzi wakaidi wanaurudia kila msimu. Anamjua pia jirani aliyeuza mpunga wake ukiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto aliugua au ada ilidaiwa. Mkulima huyo akiona kiongozi anaoa kwa mchele wa wenye njaa, hahitaji mhadhara. Atauliza swali moja tu: gunia hilo lilitoka kwa nani? Hilo ndilo swali la kitabaka, naye ameliuliza bila kupita chuoni.

Azimio la Arusha na nyumba ya kiongozi

Wengine watasema kwamba maisha ya nyumbani ya kiongozi hayatuhusu. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuweka kamati ya kuchungulia vyumba vya watu. Liliweka masharti juu ya mali: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi wake, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Lakini Azimio lilikuwa na macho. Lilipoeleza ni nani aliye kiongozi kwa ajili ya masharti hayo, lilimhesabu pamoja na mwenzi wake wa ndoa, mke au mume. Kwa nini? Kwa sababu lilijua kwamba mali haramu ikikosa pa kujificha ofisini hukimbilia nyumbani, ikaandikwa jina la mtu mwingine. Nao Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Makosa hayo manne El Hadji anayo yote katika siku moja ya harusi.

Masharti ya Azimio yalilegezwa na Chama huko Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi kutangaza mali na madeni yake. Mazingira yamebadilika, lakini kipimo hakijabadilika. Swali la kuuliza juu ya kiongozi mwenye nyumba nyingi za siri ni hili: zinalishwa na mshahara upi? Mshahara ukishindwa kulijibu swali hilo, linageuka kuwa swali la umma.

Pumzi ya watu

Sasa tuje kwenye laana. Msomi wa haraka ataiona xala kama ushirikina, ataiweka kando. Wazee wa Kinyakyusa wasingeiweka kando. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi katika nchi ya Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake mwaka 1951, alieleza imani iliyojulikana kama pumzi ya watu. Mtu aliyekiuka wajibu wake, hata awe mkubwa, alinung'unikiwa na majirani. Manung'uniko hayo, hata yasiposemwa mbele yake, yaliaminiwa kuwa na ubaridi unaomwingia mwilini akaugua. Malafyale mchoyo, aliyekusanya ng'ombe bila kuwachinjia watu wake, alikuwa katika hatari ya pumzi hiyo. Akizidi, watu walihama wakaenda kwa malafyale mwingine, na mtawala asiye na watu hakuwa mtawala.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Jamii ile nayo ilikuwa na wakubwa wake. Wazee wenye ng'ombe walioa wanawake wengi, na vijana wasio na mahari wakasubiri miaka mingi. Mke alikuwa pia nguvu kazi shambani, na idadi ya wake ilikuwa hesabu ya mali. Lakini ndani ya jamii hiyo kulikuwa na breki, na breki hiyo ilikuwa midomo ya watu wa kawaida.

Je, kada wa leo aamini kwamba manung'uniko yanaleta homa? Hapana, hilo si sharti. Yampasa aone ukweli wa kijamii uliovikwa vazi la imani: kiongozi anaishi kwa ridhaa ya watu, na ridhaa hiyo ikiondoka, anakauka kutoka ndani hata kama gari lake bado linang'aa. Xala ya Senegal na pumzi ya watu ya Bondeni ni majina mawili ya hukumu hiyo. Na kejeli ya jukwaani au ya televisheni ni pumzi hiyo hiyo iliyotoka hadharani. Tena hiyo ni nafuu kwa kiongozi. Kicheko kinachosikika kinaweza kujibiwa kwa kujisahihisha. Kinachozimwa kinarudi vifuani, na huko kinapoa hadi kuwa baridi.

Upungufu wa fumbo hili

Haitoshi kusifu. Fumbo la kiongozi na wanawake lina hatari yake. Mtunzi akimfanya kila mwanamke kuwa mfano wa mali, anaweza kumaliza mchezo bila mwanamke hata mmoja kuonekana kuwa mtu. Vikundi vyetu vingi vimeanguka hapo: kimada anachekwa kuliko aliyemweka, na mke anaonyeshwa akigombana na mke mwenzake badala ya kuuliza fedha ziko wapi. Kejeli ya namna hiyo inampiga mnyonge na kumwacha mkubwa.

N'Goné mwenyewe karibu hasemi neno katika filamu. Mambo yake yanaamuliwa na wakubwa wa familia yake. Hilo mtunzi amelionyesha makusudi. Lakini anamweka pia Rama, binti wa mke wa kwanza, mwanafunzi wa chuo kikuu. Rama anamjibu baba yake kwa Kiwolof hata anaposemeshwa Kifaransa, na anayakataa maji ya chupa ya Kifaransa anayopewa. Anasema waziwazi kwamba mume wa wake wengi ni mwongo, na anapigwa kofi kwa kusema hivyo. Rama ni dalili ya nguvu mpya. Kikundi kinachotaka kuigiza kiongozi mzinzi kianze kwa kujiuliza: Rama wetu yuko wapi?

Dola na kicheko

Serikali ya Senegal haikuipiga marufuku Xala, bali iliikata sehemu kadhaa. Sembène akachapa vipeperushi vilivyoeleza sehemu zilizokatwa na kuwagawia watazamaji. Matokeo yake, yale yaliyokatwa ndiyo yaliyozungumzwa. Hapo mkasi ulifanya kazi ya tarumbeta.

Nasi tunayo historia yetu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliviweka filamu na michezo chini ya ukaguzi. Tamthilia ya Euphrase Kezilahabi, Kaptula la Marx, inayowakejeli watawala waliovaa itikadi isiyowatosha kama kaptula ya mtu mwingine, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 lakini ilichapishwa mwaka 1999. Huko Kenya, Mtanzania Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kama Gado, alianzisha The XYZ Show, kipindi cha televisheni cha vikaragosi vya wanasiasa kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2009. Mwezi Januari 2015 gazeti la The East African, lililochapa kibonzo cha Gado kikimwonyesha Rais wa wakati huo akistareheshwa na wanawake, lilizuiwa nchini kwetu, na sababu rasmi iliyotolewa ilikuwa kutosajiliwa. Wanawake wa kibonzo hicho waliandikwa majina ya maovu ya utawala, kama vile rushwa. Hakikusema neno juu ya faragha ya mtu. Kilikuwa fumbo la aina ile ile ya Xala, na waliokisoma kama tusi la chumbani walikisoma vibaya.

Hatusemi kwamba kila kicheko ni kitakatifu. Kuna matusi, kuna uzushi wa kumchafua mtu kwa ajili ya kura, na kuna dhihaka zinazolipiwa na mwenye fedha dhidi ya kiongozi mwadilifu. Tofauti hupimwa hivi: matusi humtaja mtu na kuficha mfumo, bali kejeli huonyesha mfumo kiasi kwamba jina la mtu halihitajiki.

Kazi ya kada

Kwa hiyo tunapendekeza filamu hii, na michezo ya vikundi vyetu wenyewe, itumike katika madarasa ya itikadi. Baada ya kutazama, mwongozaji asianze kwa kuuliza "umemfananisha na nani?" Aanze na maswali haya:

1. Mali iliyotumiwa na kiongozi huyu ilizalishwa na nani, na ilipitia njia gani hadi mikononi mwake?

2. Nani alikuwa na njaa siku ya karamu?

3. Wanawake wa mchezo huu wanasema nini wao wenyewe, na nani amewanyamazisha?

4. Baada ya kiongozi kuanguka, nani amekalia kiti chake? Je, ni mkulima aliyeibiwa, au ni mwizi aliyemwibia?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. El Hadji anafukuzwa, lakini Thieli anaingia, na mikoba inaendelea kugawiwa. Kumwondoa mzinzi mmoja bila kugusa mkoba ni kubadili bwana harusi tu, huku karamu ikiendelea kwa mchele ule ule. Chama kinachosikia pumzi ya watu mapema kina nafasi ya kuufunga mkoba kabla ombaomba hawajafika mlangoni. Kisichosikia kitawakuta sebuleni, na hapo mwenye nyumba hatapewa nafasi ya kuhutubia.